Presha Juu ya Cimpunda

Guy Birindwa aligeuka nyuma, akamwona mwanamke wa makala amesimama, akaanza kukimbia.

Hapo alijifichua mwenyewe. Mtu asiye na hatia hakimbii muuza makala.

Élodie Cibalonza aliliacha gunia lake pale pale. Kwa wiki nyingi alikuwa ameketi mbele ya depo ya mabomba, Kadutu, mjini Bukavu, uso mweusi kwa vumbi, kitenge kimefungwa kiunoni kama mama yeyote wa soko. Chini ya kitenge ilikuwepo Glock 19. Chini ya kitambaa cha kichwa, waya mwembamba wa redio ya Motorola uliingia sikioni.

Guy alipita katikati ya meza za samaki. Beseni la sambaza likamwagika. Akina mama wakamlaani yeye na ukoo wake. Alimsukuma motari mmoja, akaruka juu ya pikipiki yake ya TVS, akaondoka na moshi.

Élodie hakutafuta pikipiki nyingine. Barabara ya kupanda Cimpunda inazunguka kama utumbo. Vijia vya miguu havizunguki. Alikamata ngazi za udongo kati ya nyumba za mbao, akapita chini ya kamba za nguo, akaruka mtaro wa maji machafu, akatokea kwenye kona mbele ya Guy.

Kulikuwa na benchi la fundi viatu.

Alilisukuma katikati ya njia.

TVS ililala ubavu. Guy alibingirika hadi miguuni pake. Alipofungua macho, mdomo wa Glock ulikuwa karibu na pua yake.

Alimvuta nyuma ya ukuta wa shule, akabonyeza redio.

"Hapa Sindano. Samaki iko mukononi."

Sauti ya mzee ilijibu bila haraka. "Imeingia, Sindano. Na wewe sikia: mugonjwa ameamuka. Ninarudilia. Mugonjwa ameamuka, iko hapa Bukavu."

 Kidole cha Élodie kilikuwa kimesogea kwenye kifyatulio bila yeye kukiambia. Alikiondoa taratibu.

Mgonjwa alikuwa Steve Harkan. Mzungu mwenye pasipoti tatu na kampuni zisizo na ofisi. Miaka michache nyuma alijenga tangi la maji Cishenyi, kijiji cha mlimani upande wa Kalehe. Fundi mkaguzi wa kazi ile alikuwa Benoît, mume wa Élodie. Benoît aliikataa kazi. Alisema udongo wa pale unateleza, msingi ni mfupi, tangi lihamishwe kwenye mwamba. Aliteremka Bukavu kuwaambia wakubwa. Aliporudi, tangi lilikuwa limejaa hadi juu na akina mama walikuwa wamepanga bido zao, madumu ya kuchotea maji, chini yake.

Tangi lilipasuka siku hiyo hiyo. Lilizoa nyumba, mahindi, watu. Lilimzoa Benoît.

Harkan alisema mbele ya kila mtu kwamba Benoît ndiye aliyeamuru lijazwe, na kwamba alikufa akikimbia. Kijiji kiliamini. Wakati wa kumzika, watu wa Cishenyi hawakuleta hata jembe. Mama wa Benoît, Euphrasie, alipigiwa mawe juu ya mabati yake, akaacha kuimba kanisani kwa sababu kila alipoketi, benchi lilibaki tupu.

Élodie wakati ule alikuwa tayari mpelelezi, katika ofisi isiyo na kibao mlangoni, chini ya mzee aitwaye Isidore, yule wa redioni. Tangu kilio kile alikuwa amefanya kazi zote alizopewa, na kila kazi aliifanya huku akimtafuta mtu mmoja.

Sasa mtu huyo alikuwa ndani ya mji.

Alichuchumaa mbele ya Guy. Hakumpiga. Alimwambia tu jina lake mwenyewe kamili, na jina la mume wake. Uso wa Guy ukapoteza rangi. Alijua jina hilo.

"Mimi ni shofere tu, maman," alisema.

"Shofere anabebaka vitu. Ulibeba nini?"

Guy akasema yote, na kwamba bosi wa kazi hiyo alikuwa Harkan. Mabomba ya mradi mpya wa maji ya Cimpunda na Kadutu yalivuka ziwa kwa mitumbwi ya mota, yakashukia upande wa Kalehe chini ya magunia ya maharagi. Yalikuwa mabomba ya kumwagilia mashamba, membamba, ya presha ndogo. Ndani ya depo walikwangua maandishi ya kiwandani, wakachapa mengine: PN16, alama ya bomba linaloweza kushika maji yanayoteremka mlima mzima. Yakazikwa chini ya njia, chini ya nyumba, chini ya uwanja wa soko.

Élodie alitoa kifaa cha Olympus mfukoni, kidogo kama simu ya zamani. Hatua chache kutoka hapo bomba lilikuwa limeachwa wazi kwenye kona, likisubiri kufunikwa. Alipangusa udongo, akapaka jeli, akaweka ncha ya kifaa juu ya plastiki. Kifaa kilituma sauti isiyosikika ndani ya ukuta wa bomba, kikapima unene wake.

Ulikuwa nusu ya unaotakiwa.

Hata hivyo, wizi peke yake usingemrudisha Harkan Bukavu leo, siku ya sherehe ya kuzindua mradi. Mwizi hukimbia kazi yake ikizinduliwa. Élodie alirudi kwa Guy, akamwuliza bosi wake amekuja kufanya nini.

Guy alitazama chini.

Juu ya Cimpunda, alisema, kuna chumba cha zege ambamo maji ya mlimani huangukia kwanza, yanapumzika, ndipo yanateremka mjini kwa nguvu ndogo. Mafundi wanakiita brise-charge. Bila chumba kile, presha ya mlima wote inalala juu ya bomba la chini. Harkan alikuwa amechimba bomba la siri likizunguka chumba hicho, na kuweka juu yake vani, vali yenye mota, inayofunguka kwa kubonyeza tableti. Wakubwa wakikata utepe pale sokoni, yeye angebonyeza.

Élodie aliona yaliyobaki bila kuambiwa. Bomba lingepasuka chini ya umati. Maji yangechimba mlima, na mlima wa Kadutu hausubiri kuombwa mara mbili. Nyumba zingeteremka juu ya watu. Mafundi wa mji wangefungwa, kama Benoît alivyofungwa kaburini na jina chafu. Kisha kampuni ya ng'ambo ingefika na rambirambi na mkataba: maji ya Bukavu yote, chanzo hadi robine ya kuchotea, mikononi mwake. Anayeshika maji ya mji ameshika koo la mji.

Alimfunga Guy pingu kwenye robine mpya ya umma ambayo haijawahi kutoa tone, akawaita wenzake waje kumchukua. Kisha akampigia Isidore simu.

Isidore alisikiliza hadi mwisho. Alimwacha kwenye laini, akazungumza na watu wa protokoli waliopanga sherehe, akarudi. Walikuwa wamekataa kuwaondoa watu. Mgeni mkubwa alikuwa tayari njiani, fanfare, bendi ya tarumbeta, imeshapanga vyombo, na walisema habari ya mabomba ni maneno ya wapinzani. Isidore angejaribu kuchelewesha utepe. Asingeweza kuuzuia.

"Kuko batu nyuma ya mugonjwa," mzee alisema. "Bakubwa. Ninamutaka muzima, Élodie. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Kusikia si kutii. Wote wawili walijua.

Alichukua TVS ya Guy. Kioo kimoja kilikuwa kimevunjika, usukani umepinda, lakini ilipanda. Alipita nyumba za mwisho, mashamba ya ndizi, hadi njia ilipokataa tairi. Akaendelea kwa miguu.

Brise-charge ilikaa kwenye bega la mlima. Zege jipya, jeupe. Kando yake, kibanda cha vani. Kando ya kibanda, Land Cruiser nyeusi. Walinzi wawili walivuta sigara wakitazama mji chini, ambako mahema meupe ya sherehe yalionekana kama mayai uwanjani.

Wa kwanza alisikia majani, akageuka. Kitako cha Glock kilimpata juu ya sikio.

Wa pili aliinua Kalashnikov. Élodie alimpiga risasi begani. Bunduki ikaanguka, naye akaketi juu ya majani akishika damu yake, akishangaa.

Mlango wa kibanda ulifunguka.

Steve Harkan alikuwa amenenepa. Shati la kitani, saa ya dhahabu, tableti mkononi. Alimtazama Élodie bila kumtambua, na hilo lilimchoma kuliko kama angemtukana. Mtu huyu alikuwa ameyabeba maisha yote ya Élodie, akayatupa, na hakukumbuka hata uso.

Kutoka chini upepo ulileta tarumbeta.

Harkan alibonyeza.

Ndani ya kibanda mota ililia. Élodie alifyatua mara mbili kupitia mlango, mota ikanyamaza, ikatoa moshi. Lakini vani ilikuwa imekwisha kufunguka nusu. Ukutani, mshale wa saa ya presha ulianza kupanda.

Harkan alimrukia. Alikuwa mzito, na alimpata kabla hajageuza silaha. Walianguka pamoja juu ya paa la zege. Glock iliteleza, ikaingia majanini. Vidole vya Harkan vilimfika kooni. Élodie aliona mbingu inakuwa nyeusi pembeni. Alitafuta kwa mkono, akakuta ufunguo wa bomba uliosahauliwa na mafundi, chuma kirefu, kizito.

Alimpiga nao kwenye kiwiko. Mfupa ulisema.

Harkan alijiviringisha akilia, akarudi nyuma, akarudi tena. Nyuma yake kifuniko cha chumba kilikuwa wazi. Alikanyaga hewa.

Maji yalimpokea chini.

Élodie aliangusha kifuniko cha chuma, akapitisha komeo. Kisha akakimbilia kibanda.

Mshale ulikuwa umevuka alama ya hatari. Chini, bomba la mashamba lilikuwa limebeba mlima. Vani kubwa ya kuteremkia mjini ilikuwa mbele yake, gurudumu jekundu. Mikono yake ilitaka kulizungusha kwa nguvu zote. Aliizuia. Benoît alikuwa akimwambia mezani, akizungusha sahani kumwonyesha: vani haifungwi kwa hasira. Ukiyakata maji ghafla yanarudi nyuma kama nyundo, yanavunja hata bomba zima, seuze bovu.

Akafunga polepole.

Robo ya mzunguko. Akangoja. Robo nyingine. Mshale ulitetemeka. Chini fanfare ilikuwa inapiga wimbo wa kukaribisha wageni, na watu walikuwa wakipiga makofi juu ya bomba wasilolijua. Jasho lilimwingia machoni. Robo nyingine. Koo lilimwuma pale vidole vilipokuwa. Alihesabu pumzi zake badala ya laana zake.

Gurudumu lilifika mwisho.

Mshale wa mji ulisita, ukaanza kushuka.

"Hapa Sindano. Bomba imefungwa. Baambie bakate ile utepe kama banapenda. Hakuna kitu itatoka."

"Imeingia," Isidore alisema. Pumzi yake ilisikika. "Na mugonjwa?"

Élodie aliondoa waya sikioni.

Maji ya mlimani yalikuwa bado yanaingia ndani ya chumba, na sasa hayakuwa na pa kutokea. Kanuni ya ujenzi inajua ajali kama hiyo. Inataka kila chumba cha maji kiwe na bomba pana la kumwagia nje yakizidi, na ngazi ya chuma ukutani ili fundi aliyeanguka atoke. Élodie alizunguka nje kutafuta mdomo wa bomba hilo. Hakuna. Harkan alikuwa amechomeka kipande kifupi ukutani kwa ndani, kiwaridhishe wakaguzi. Nyuma yake kulikuwa na udongo mtupu. Ngazi hakuweka kabisa. Katika kazi nzima, kilichojengwa sawasawa kilikuwa kifuniko.

Bomba dogo la hewa lilichomoza juu ya paa, limepinda kama fimbo ya mzee. Sauti ilitoka humo.

Ilimwita Madame. Iliahidi. Ilitaja watu wakubwa wa miji ya mbali. Ilisema maji yamefika kifuani.

Élodie aliketi juu ya zege, karibu na bomba la hewa. Gurudumu la kufungia maji yanayoingia lilikuwa karibu na mkono wake wa kulia. Hakuligusa.

Siku hiyo alikuwa ameiona mara nyingi kitandani. Katika ndoto zake haikuwa na upepo mzuri kama huu.

"Unajua mimi ni nani?" aliuliza.

 Sauti ikakubali kwamba haijui.

"Mujane wa Benoît. Cishenyi."

Maji yaliendelea kunguruma. Sauti haikuahidi tena kitu.

Élodie alitoa simu, akapiga Kalehe. Ililia kwa muda mrefu. Euphrasie alikuwa shambani, alipokea akihema, akamwuliza kama ameamka salama, kama anakula. Élodie alimwambia kuko mtu anataka kumwambia neno, asikate. Kisha akawasha spika, akaweka simu mdomoni mwa bomba la hewa.

"Mama yake Benoît anakusikiliza," alisema. "Sema."

Harkan alijua Kiswahili, kile cha mtu aliyejifunza lugha ili auze.

"Benoît alikataa," alisema. "Alisema tangi isijazwe. Alipoenda Bukavu, mimi nilijaza. Mimi nilisema ni yeye." Alikohoa maji. "Tafadhali. Imefika shingoni."

 Mama mkwe wake aliuliza swali moja, kwa sauti ndogo.

"Alikufa akikimbia?"

"Hapana. Alipanda kwenye tangi. Alikuwa anafungua vani ya chini, mayi itoke, batu baokoke. Niliona. Nilikuwa kwa gari."

Euphrasie hakulia. Élodie alisikia jembe likiwekwa chini.

"Élodie. Huyu mutu iko wapi?"

"Ndani ya mayi, maman. Nimemufungia."

"Anaweza kufa?"

"Nikipenda."

"Basi usipende." Mama alipumua. "Akikufa leo, kijiji itaamini nani? Mimi? Baniaminiaka? Mulete Cishenyi. Asimame pale tangi ilikuwa, aseme mbele yao vile amesema kwangu. Mbele ya wale bote balinitupia mawe. Nyuma ya pale, muchukue, mumufanye munavyopenda."

Élodie alitazama gurudumu.

Alikuwa amekuja juu ya mlima kumuua mtu. Aliona sasa kwamba kifo kingekuwa zawadi: Harkan angezama na ukweli tumboni, na Benoît angebaki chini ya udongo na jina lile lile. Hasira yake haikupungua. Ilipata tu mahali pa kwenda.

Hata hivyo hakuharakisha. Aliagana na mama mkwe wake kwa heshima. Alirudisha simu mfukoni. Alitafuta Glock majanini, akaipangusa kwa kitenge, akaiweka mahali pake. Ndani, kelele ilikuwa imegeuka mapovu.

Ndipo akafunga maji.

Alipochomoa komeo, Harkan alikuwa ameshika ukingo wa zege kwa mkono mmoja mzima, mdomo ukitafuta hewa chini ya kifuniko. Alimvuta kwa kola. Mzungu alilala juu ya paa akitapika maji ya mlima.

"Ahsante," alinong'ona.

"Usinishukuru. Sikukuponyesha. Nimekuchunga kwa ajili ya Cishenyi."

Isidore alifika na gari mbili na vijana wenye silaha. Alipanda kwa taabu, mzee mwenye kofia ya pama na viatu vilivyong'arishwa. Alimtazama Harkan, akatazama alama za vidole kooni mwa Élodie, akatazama kifuniko.

"Iko muzima," alisema.

"Iko."

"Nilikuita kwa redio. Hukujibu."

"Vani ilikuwa nzito, Papa."

 Isidore aliamua kuamini. Alimweleza kwamba chini utepe ulikatwa, robine ikafunguliwa mbele ya kamera, ikatoa upepo. Mgeni mkubwa aliondoka kwa hasira. Sasa wote walikuwa wakimtafuta wa kulaumu, na safari hii alikuwepo mtu wa kuwapa.

Élodie alitaka kitu kimoja tu. Kabla ya Kinshasa, kabla ya mahakama, kabla ya watu wakubwa wa nyuma, gari lipite Cishenyi. Isidore alianza kusema kwamba utaratibu hauruhusu. Kisha alikumbuka mazishi ya Benoît, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wachache walioyahudhuria. Akawaambia vijana wajaze mafuta.

"Unapanda na sisi?"

"Nitateremuka kwa miguu. Mutanikuta barabarani."

Alishuka kupitia Cimpunda. Kwenye vijia watu walikuwa wakirudi kutoka sherehe na bido tupu, wakiisema serikali, wakiwasema mafundi, wakiwasema waliofunga maji. Mmoja alisema aliyefunga anastahili kuchapwa fimbo. Wengine wakakubali.

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni na bido mbili mikononi alimpisha kwenye ngazi. Aliona uso wake mweusi kwa makala, akamfanya mwenzake.

"Unatoka kule juu? Bamesema mayi itakuya lini?"

"Kwanza batafukua bomba zote. Batazika zingine."

"Zote? Juu ya nini?"

"Zilikuwa mbaya, maman."

Mama yule alisonya. Alisema hao watu hawajui kazi, wanaweka leo, wanatoa kesho, na yeye atapanda tena hadi chemchemi na huyu mtoto mgongoni.

Élodie alichukua bido moja mkononi mwake, akaibeba hadi mwisho wa ngazi, akaiweka chini bila kusema neno. Kisha alijifunga kitenge vizuri, akavuka njia, akaendelea kushuka.

Barabarani, Land Cruiser iliyombeba Isidore na Harkan ilikuwa tayari inamsubiri, imeelekezwa Kalehe.